Maji ya ziwa na maji ya mvua: kisa cha parseli moja ya Keshero

Parseli inayozungumziwa hapa iko Keshero, upande wa magharibi wa Goma, kwenye mojawapo ya avenyu zinazoteremka kuelekea ziwani. Inakaliwa na kaya tatu: mama mwenye parseli pamoja na wajukuu wake katika nyumba kubwa ya mbao, na wapangaji wawili wenye familia zao katika nyumba za nyuma. Robine, yaani bomba la maji, ya Rejideso, shirika la maji la taifa, ipo uani, lakini hutoa maji kwa siku chache kisha hukauka kwa siku nyingi. Kila inapokauka, kaya hizo hutegemea vyanzo viwili, yaani maji ya Ziwa Kivu yanayotekwa ufuoni Kituku na kuletwa kwa bidoni za lita 20, na maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye mabati ya nyumba kubwa hadi ndani ya tangi la plastiki. Kila kaya ilikuwa na njia yake ya kuyasafisha. Mama mwenye parseli alichemsha. Mpangaji wa kwanza, dereva wa pikipiki, alitia klorini. Wa pili, ambaye mke wake huuza sambaza sokoni, alikuwa na chujio la mishumaa ya kauri, yaani vichujio vya udongo uliochomwa vyenye umbo la mshumaa. Katika msimu wa mvua, watoto wa nyumba kubwa na wale wa nyumba yenye chujio waliharisha, ingawa si kwa ukali wa kipindupindu, na uani likazuka swali linaloulizwa katika parseli nyingi za mji huu: njia ipi ndiyo bora?

Naona kwamba swali hilo haliwezi kujibiwa likiulizwa hivyo. Ubora wa njia hauonekani mpaka ijulikane kasoro ya maji yenyewe, na hapa Goma maji ya ziwa na maji ya mvua yana kasoro ambazo karibu hazifanani. Isitoshe, kinachotokea baada ya maji kusafishwa, yanapohifadhiwa na kuchotwa, kinaweza kufuta kazi yote iliyotangulia, na katika kisa hiki ndicho kilichofanya hivyo mara mbili.

Ni vema kueleza kwanza kwa nini familia inayoishi mjini inalazimika kuwa na kiwanda chake kidogo cha maji. Goma imejengwa juu ya miamba iliyotoka katika volkeno ya Nyiragongo, miamba yenye matundu na nyufa, na mvua ikinyesha maji huzama chini upesi badala ya kufanya vijito. Kuchimba kisima katika jiwe hilo si kazi ya familia ya kawaida. Ziwa ndilo linalobaki, na maji yake hayana budi kusukumwa kwa pampu za umeme kupanda mji, hivyo umeme ukikatika robine nazo hukauka. Volkeno ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, lava iliharibu tangi kubwa na mabomba, na watu takriban nusu milioni wakabaki bila maji ya bomba. Mwishoni mwa Januari 2025, wakati wa mapigano ya kuuteka mji, umeme na maji vilikatika tena na watu wakateremka ziwani na bidoni zao. Wakubwa wetu hawajasahau Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika kwa mamia ya maelfu na kunywa maji ya ziwa yasiyosafishwa. Kipindupindu na aina nyingine za kuhara ziliwaua watu karibu 50,000 katika mwezi wa kwanza. Kwa hiyo, anayeandika kuhusu kusafisha maji katika mji huu anaandika kuhusu uhai.

Tuanze na nyumba kubwa. Kuchemsha ni njia ya zamani, na kwa kuua vijidudu haina mshindani: bakteria, virusi na hata vile vijidudu vyenye ganda gumu vinavyostahimili klorini vyote hufa. Wapo wanaohofu kwamba, kwa kuwa Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Ni kweli kwamba hapa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, lakini vijidudu vya magonjwa huanza kufa kwa wingi tangu nyuzi 70, kwa hiyo maji yakishachemka kwa mapovu makubwa kwa muda wa dakika moja, kazi imekwisha. Kuyaacha yachemke kwa robo saa, kama mama mwenye parseli alivyofanya kwa miaka mingi, ni kuunguza makala (makaa) bila faida.

Na makala ndiyo mzigo wa njia hii. Kupasha lita 20 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 95 kunahitaji megajuli zipatazo 6. Kilo moja ya makala makavu ina megajuli 29 hivi, lakini mbabula ya kawaida, yaani jiko la makaa, hupeleka kwenye sufuria robo ya joto hilo au pungufu, na linalobaki hupotelea hewani. Kwa hesabu hiyo kila bidoni moja inakula takriban kilo moja ya makala. Familia ya watu wanane, kila mmoja akinywa lita mbili na nusu kwa siku, humaliza bidoni moja kila siku, yaani kilo 30 za makala kwa mwezi kabla hata sufuria ya fufu haijapanda jikoni. Sehemu kubwa ya makala hayo imetoka katika misitu ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na ambayo hadi leo inakatwa ili mji upate moto. Simlaumu mama anayechemsha maji ya wajukuu wake, ila njia inayomaliza kilo moja ya makala kwa bidoni itaachwa siku ambayo fedha zimepungua, na mara nyingi siku hiyo ndiyo siku ambayo robine nayo imekauka.

Kwa nini basi wajukuu waliharisha? Maji yaliyochemshwa hayana kinga yoyote ndani yake. Yakipoa yanakuwa safi na pia hayana ulinzi, na kijidudu kimoja kilicholetwa na kidole kinaweza kuenea bila kizuizi. Katika nyumba kubwa maji yaliyopoa yalimiminwa katika ndoo pana, ikafunikwa sinia, na watoto wakachota kwa kopo lililolala sakafuni. Mahali pa kutafuta kosa palikuwa hapo. Chombo chenye mdomo mwembamba, kinachomiminwa bila mkono kuingia, au ndoo yenye kibomba chini na kifuniko kinachobana, kingewasaidia watoto wale kuliko dakika kumi na nne za ziada za moto.

Kuhusu klorini nitakaa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu hapa ndipo Ziwa Kivu linapotofautiana na vyanzo vingi vingine, na maelekezo yanayobandikwa kwenye chupa na vibandiko hayaelezi tofauti hiyo. Kanuni inayojulikana ni hii: tia miligramu 2 za klorini kwa kila lita ya maji meupe, zidisha mara mbili kwa maji yaliyochafuka, ngoja dakika 30, kisha kunywa. Kwa bidoni ya lita 20 hizo ni miligramu 40, yaani mililita 4 za mchanganyiko mama wa asilimia moja, ambao hutengenezwa kwa kuyeyusha gramu 15 za unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70 katika lita moja ya maji. Ndiyo kazi inayofanywa na vijana wenye sindano zisizo na ncha kwenye vituo vya kutia klorini ufuoni. Lita moja ya mchanganyiko huo inatosha bidoni 250. Ukilinganisha na kilo moja ya makala kwa bidoni, tofauti ya gharama ni kubwa mno.

Lakini dakika 30 zina sharti lake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza muda huo kwa maji ambayo pH yake (kipimo cha asidi na magadi, ambacho hupanda kadiri magadi yanavyozidi) iko chini ya 8, na pH ya maji ya juu ya Ziwa Kivu iko karibu na 9. Klorini inapoingia majini hugawanyika katika sura mbili. Ya kwanza ni asidi ya hipoklorasi, ambayo hupenya ganda la kijidudu kwa urahisi na kukiua upesi. Ya pili ni ioni ya hipokloriti, ambayo pia huua, ila polepole sana. Katika maji yenye pH 7, robo tatu ya klorini huwa katika sura ya kwanza. Katika pH 9, zinazobaki katika sura hiyo ni sehemu tatu au nne tu kwa mia. Mtu anayepima kiasi kilekile cha klorini kwa usahihi uleule anapata Goma dawa dhaifu kuliko anayoipata mwenzake anayetumia maji ya mto. Ziwa letu pia limebeba chumvi na bikaboneti nyingi, takriban gramu moja ya vitu vilivyoyeyuka katika kila lita, na wingi huo huyafanya maji yashikilie pH yake kwa ukaidi, kiasi kwamba matone machache ya limau hayaibadilishi inavyofikiriwa.

Hapo pana jambo jingine linalonitia wasiwasi. Kijidudu cha kipindupindu hupenda maji yenye pH ya juu, hata maabara humlisha katika mchuzi wa pH 8 na nusu ili kumtenganisha na wengine. Hivyo ziwa linadhoofisha dawa huku likimstahi adui. Kinachotuokoa ni kwamba kijidudu hicho hufa kwa klorini ndogo kuliko vingi vingine, na kwamba muda unaweza kufidia udhaifu wa sura. Kwa parseli hii ushauri ulikuwa kungoja saa nzima badala ya nusu saa kwa maji ya ziwa, na kupima klorini iliyobaki kwa kidonge kinachoyageuza maji kuwa ya rangi ya waridi. Kipimo kikionyesha nusu miligramu kwa lita mwishoni mwa saa hiyo, maji yananyweka, na kiasi hicho kinachobaki kitaendelea kuyalinda ndani ya bidoni hadi kesho yake. Kinga hiyo ya baadaye haipo katika maji yaliyochemshwa wala yaliyochujwa, na kwangu ndiyo sababu kubwa ya kuipa klorini nafasi ya kwanza kwa maji yanayokunywewa na watoto wengi.

Dereva wa pikipiki hakuwa akifanya hivyo. Alinunua javeli, yaani dawa ya klorini ya kufulia, dukani na kuikadiria kwa kifuniko cha chupa. Javeli za dukani hazina nguvu moja, nyingine huwekwa manukato ambayo hayafai kunywewa, na chupa iliyokaa juani kwenye meza ya muuzaji hupoteza nguvu yake wiki baada ya wiki. Watoto wake hawakuugua, na jirani zake wakachukua hilo kama ushahidi. Siwezi kukubali. Kaya tatu ni chache mno kuthibitisha lolote, na huenda watoto wake walikuwa wakinywa maji shuleni. Nilichoweza kusema ni kwamba njia yake ilikuwa sahihi na vipimo vyake vilikuwa vya kubahatisha. Vidonge vya miligramu 67 (uzito wa dawa nzima, ambamo klorini ni sehemu tu) vilivyotengenezwa kwa ajili ya bidoni ya lita 20 huondoa kubahatisha huko, na vikikosekana, mchanganyiko mama uliowekwa katika chupa isiyopitisha mwanga na kutengenezwa upya kila mwezi hutosha. Udhaifu wa kweli wa klorini ni kwamba haiwaui baadhi ya vijidudu wenye ganda wanaosababisha kuhara, na kwamba huliwa na tope. Mvua kubwa ikinyesha, mifereji ya mji humwaga uchafu ufuoni, na bidoni iliyotekwa Kituku jioni hiyo haifai kutiwa klorini kabla ya kutuama na kuchujwa kwa kitambaa.

Kuhusu kitambaa, kuna ushahidi ambao haujulikani vya kutosha hapa kwetu. Nchini Bangladesh, watafiti walioongozwa na Rita Colwell walichapisha mwaka 2003 matokeo ya vijiji ambako wanawake walichuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa, na visa vya kipindupindu vilipungua kwa karibu nusu. Sababu ni kwamba kijidudu hicho hujishikiza kwenye wanyama wadogo sana wanaoelea majini, na kitambaa kikuukuu cha pamba, ambacho nyuzi zake zimelegea na kuziba matundu, huwanasa wanyama hao. Kitenge cha pamba kilichofuliwa mara nyingi kinaweza kufanya kazi ya namna hiyo. Hakimalizi hatari, na sikipendekezi peke yake, lakini kabla ya klorini ni hatua isiyogharimu kitu.

Chujio la nyumba ya tatu halihitaji maneno mengi. Mishumaa ya kauri ikiwa mizima huzuia bakteria vizuri, huzuia virusi kwa udhaifu, na hutoa lita moja hadi tatu kwa saa. Hapa mmoja wa mishumaa hiyo ulikuwa na ufa mwembamba karibu na shina, ambao ulionekana tu ulipotolewa na kusuguliwa, na ufa kama huo unatosha kupitisha maji bila kuyachuja. Ndoo ya chini ilikuwa na utelezi wa kijani kuzunguka kibomba. Chujio lilikuwa limeendelea kutiririsha maji meupe kwa muda wote huo, na macho ya wenye nyumba yalidanganywa na weupe.

Njia mbili nyingine zilijadiliwa uani na kuachwa. Ya kwanza ni jua: chupa za plastiki zinazopitisha mwanga, zilizojazwa maji, zikilazwa juu ya mabati kwa saa sita za jua kali, au siku mbili za mawingu, miali huua vijidudu. Tuko karibu na mstari wa ikweta na juu mlimani, kwa hiyo jua tunalo, lakini bidoni moja inahitaji chupa 14 za lita moja na nusu, na msimu wa mvua huleta wiki ambazo saa sita za jua hazipatikani. Kwa mtu mmoja au wawili inafaa sana. Ya pili ni chujio la mchanga, lile sanduku la zege lililobuniwa na David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary kwa kupunguza chujio kubwa la mchanga la miji hadi kimo cha nyumba. Kazi ya mchanga imethibitishwa tangu zamani: mwaka 1892 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 mjini Hamburg, uliokunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja, huku Altona, mji jirani uliochota mto uleule na kuuchuja kwa mchanga, ukisalimika kwa sehemu kubwa. Nimeupenda mfano huo kwa miaka mingi. Lakini tabaka la viumbe hai linalofanya kazi juu ya mchanga huchukua wiki mbili au tatu kukomaa, na hufa likikauka. Watu wa Keshero wamekimbia mara nyingi mno. Mnamo Mei 2021 mitaa mizima iliamriwa kuondoka, na sanduku la zege lililojaa mchanga halipandi chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, ya mtu anayekimbia na watoto.

Yanabaki maji ya mvua, ambayo wote watatu waliyaamini kuliko ya ziwa kwa kuwa ni meupe na hayana ile ladha ya magadi. Kwa upande wa vijidudu imani hiyo ina msingi kiasi, mradi maji ya kwanza ya kila mvua yanaachwa yamwagike ili kusafisha mabati. Kasoro yake imetoka mlimani. Moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira hubeba gesi zenye kiberiti, klorini na floridi, mvua huziosha na kuziteremsha, na matone yenye asidi hula mabati na misumari yake. Katika vijiji vilivyo upande ambao upepo huusukuma moshi, hasa magharibi mwa volkeno, maji ya mvua yamepimwa na kukutwa na floridi kuzidi miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kikomo cha Shirika la Afya Duniani, na meno ya watoto waliokulia huko hubeba madoa ya kahawia ambayo hayatoki. Dawa zote tatu za parseli hii hazifanyi lolote hapo. Klorini haiigusi floridi, kauri huipitisha, na kuchemsha huiongezea makali kwa sababu maji hupungua kwa mvuke na floridi hubaki sufuriani. Mama mwenye parseli, aliyekuwa akichemsha maji ya mvua kwa robo saa kwa ajili ya wajukuu wadogo, alisikiliza hili akiwa kimya, kisha akauliza: "Kwa hiyo, mwanangu, moto wangu ulikuwa unayazidisha?" Kwa upande wa floridi, kidogo, ndiyo, na nilimjibu hivyo, nikimweleza pia kwamba moto uleule ulikuwa umewakinga dhidi ya mengine mengi.

Floridi huondolewa kwa makala ya mifupa, yaani mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa hewa kidogo na kusagwa. Teknolojia hiyo imeendelezwa Nakuru nchini Kenya na Ngurdoto karibu na Arusha, ambako ardhi nayo ni ya volkeno. Parseli moja haiwezi kuitengeneza kwa uhakika, kwa kuwa mifupa isiyochomwa sawasawa huyapa maji harufu na mafuta, na makala hayo huchoka na kuhitaji kubadilishwa.

Uamuzi uliofikiwa uani ulifuata hali hizo. Maji ya tangi la mvua yametengwa kwa kufua, kuosha vyombo na kuoga, na hawapewi tena kuyanywa watoto ambao meno yao ya pili bado yanajijenga, mpaka sampuli yake ipimwe floridi. Maji ya kunywa ya kaya zote tatu yanatoka ziwani, yanatekwa alfajiri kabla ya pikipiki kuoshwa na nguo kufuliwa ufuoni, yanapita kwenye kitenge kilichokunjwa, yanatiwa kidonge na kungojwa saa nzima. Mishumaa mipya ya kauri ikipatikana, chujio litatangulia klorini, kwa kuwa kauri huwazuia wale wenye ganda ambao klorini haiwawezi. Mama mwenye parseli ameendelea kuchemsha maji ya uji wa mtoto mchanga na ya mgonjwa, kwa dakika moja, na kuyahifadhi katika termosi. Maji ya robine nayo yanatiwa kidonge katika siku za kwanza baada ya kurudi, kwa sababu bomba lililokaa tupu hunyonya uchafu wa mfereji kupitia kila kiungo kilicholegea, na kipimo cha rangi ya waridi kilichofanywa kwenye robine hiyo siku ya kwanza ya kurudi kwake hakikuonyesha rangi yoyote.